Picha ya zamani ya kinyago: nyuma imeandikwa "Makonde 1930/4". Je, ni ya mwaka 1930?

Mkunguni_Tz – Jumanne, saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua picha za kale na wanaojua vinyago.

Ninayo picha moja nyeusi na nyeupe, sm 12 kwa 16.5, iko ndani ya fremu ya mbao yenye kioo. Inaonyesha kinyago kimoja juu ya meza iliyotandikwa kanga, nyuma ni ukuta mweupe. Kinyago ni mnara wa watu waliobebana. Nimehesabu vichwa kumi na saba kwa upande unaoonekana. Chini kabisa kuna mzee ameinamisha kichwa, juu kabisa mama na mtoto. Ubavu wa kushoto una mchirizi mweupe unaopanda kutoka chini hadi karibu na juu. Mbele ya kinyago pamewekwa kiberiti. Nimefungua ubao wa nyuma ya fremu, nikakuta maandishi ya penseli: "Makonde 1930/4". Basi, hakuna kingine.

Ninachotaka kujua: ni kweli kinyago hiki ni cha 1930? Ni mpingo? Kina urefu gani? Halafu kubwa kuliko yote: kona ya juu kulia picha imegandana na kioo, na kuna vidoa vidoa vya ukungu hapo hapo. Nataka kuibandua niipeleke kuskani. Nipo Upanga, chumba hakina kiyoyozi. Picha ziko nyingine kama thelathini kwenye boksi hilo hilo, hazina fremu.

---

Patasi_Mbili – saa 2:51 usiku

Mkuu, hiyo 1930 iweke pembeni kwanza, tutazame kinyago chenyewe.

Mnara wa watu waliobebana, wote wametoka kwenye gogo moja, ndiyo ujamaa. Jina lake la kimakonde ni dimoongo. Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeuanzisha mtindo huu huku kwetu ni Roberto Yakobo Sangwani, aliyevuka kutoka upande wa Msumbiji, na tunazungumzia mwishoni mwa miaka ya 1950 kuendelea. Jina la "ujamaa" lilishika baada ya siasa yenyewe kushika, hasa baada ya Azimio la Arusha, 1967. Usichanganye na shetani, wale wa jicho moja na sikio la ajabu, ambao chanzo chake hutajwa Samaki Likankoa, naye miaka hiyo hiyo ya mwishoni mwa 1950 hapa Dar.

Mwaka 1930 mchongaji wa kimakonde aliyekuwa anachonga kwa ajili ya kuuza alichonga mtu mmoja mmoja: mama mwenye mtungi, mzee na kiko chake, mbeba mizigo. Hiyo huitwa binadamu. Ukirudi nyuma zaidi unakutana na mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani kwenye ngoma, navyo vinachongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mchezaji anaruka navyo. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani, alipita Uwanda wa Makonde mwaka 1906, na vitu alivyokusanya vilikwenda makumbusho ya Leipzig, Ujerumani. Mnara wa watu kumi na saba si kazi ya zama zile. Kwa hiyo ama mwandishi wa penseli alibahatisha, ama hiyo namba si mwaka.

Kuhusu mti. Weusi kwenye picha si ushahidi wa mpingo, kwa sababu mninga uliopakwa kiwi ya viatu nao hutoka mweusi tii. Ushahidi wako ni ule mchirizi mweupe. Mpingo una mti mweupe mwembamba wa nje, chini ya gome, rangi ya krimu, na kiini cheusi chenye uzambarau kwa mbali. Mpaka wa hivyo viwili ni mkali kama umepigwa rula. Wachongaji wengi huuacha makusudi, mnunuzi aone kuwa hajauziwa rangi. Chukua lenzi ya mkono uangalie mpaka huo:

– kama ni mkali na unafuata umbo la gogo, unaingia na kutoka kwenye migongo ya watu bila kujali mchongo, huo ni mti wenyewe;
– kama unasimama pale mchongo unaposimama, au ukingo wake umefifia kama doa la chai, hapo kuna rangi.

Tazama pia mng'aro. Mpingo uliopigwa msasa mwembamba hung'aa kwa mistari myembamba, mikali, kwenye magoti na vipaji vya nyuso. Kiwi hutoa mng'aro mpana uliolala, na palipogongwa panaonekana mti wa rangi nyepesi. Nyufa nazo zinasema. Mpingo hukauka taratibu mno na hupasuka kuanzia vichwa vya gogo, ndiyo maana magogo hupakwa nta vichwani. Kwenye kinyago, kagua kitako na kilele: ufa wa mpingo huanzia hapo na kukimbia wima. Uzito ndio ungemaliza ubishi, maana mpingo mkavu huzama majini, lakini picha huwezi kuizamisha.

---

Mzee_wa_Magomeni – saa 3:05 usiku

Hiyo ya kugandana mbona rahisi. Weka kioo na picha yake kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, subiri nusu saa, itaachia yenyewe. Studio zote za zamani tulikuwa tunafanya hivyo.

---

Karani_wa_Nyaraka – saa 3:40 usiku

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, kwa picha hii naomba isifanyike, na sababu iko ndani ya swali lenyewe: kuna ukungu.

Picha za namna hii zina tabaka la jelatini juu ya karatasi, na fedha inayotengeneza taswira imo ndani ya jelatini hiyo. Hewa yetu ya pwani, hasa kuanzia Machi hadi Mei, huifanya jelatini ivimbe na kulainika. Ikigusana na kioo, hushika. Picha safi iliyoshika hivyo inaweza kweli kuachia majini. Lakini ukungu huila jelatini na kuifanya iyeyuke kwenye maji. Ukiiloweka, sehemu yenye vidoa inaondoka kama uji, nawe unabaki na karatasi nyeupe kwenye kona. Na kuna maandishi nyuma: penseli itavumilia, ila kama kuna muhuri wa wino uliofifia ambao hujauona, utasambaa. Kuivuta kwa nguvu ndiyo usithubutu, wala kupitisha uzi wa kuvulia samaki katikati, wala kupasha kioo kwa mashine ya kukaushia nywele. Jelatini itabaki kwenye kioo na uso wa mama na mtoto utabaki nayo.

Iache ilivyo. Ipige nakala ikiwa kwenye kioo chake.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Skana nyembamba, zile zinazopata umeme kwa waya wa USB tu, huona vizuri kile kilicholala juu ya kioo chake basi. Ukiweka picha iliyo nyuma ya kioo cha fremu cha mm 2 au 3, inatoka bila makali, haisomeki vizuri. Zile nene za zamani, zenye taa na vioo ndani, zina kina kidogo cha kuona na zinaweza kukubali. Njia ya uhakika zaidi ni kamera:

Laza picha mezani, toa fremu ya mbao kama inatoka bila kukisumbua kioo. Kamera iwe juu kwenye stendi, ikitazama chini. Ili ujue imekaa sawasawa, weka kioo kidogo cha kujitazamia katikati ya picha. Ukiona lenzi imejitazama yenyewe katikati kabisa ya kioo hicho, uko sambamba. Ondoa kioo. Taa mbili za aina moja, moja kila upande, kwa nyuzi 45, umbali ulio sawa. Kata tundu kwenye kitambaa cheusi, pitisha lenzi, ili kamera na dari visijionyeshe kwenye kioo. ISO 100, f/8, tumia kipima muda cha sekunde 2 ili mkono usitikise. Weka rula pembeni ya picha, isifunike chochote. Hifadhi faili ghafi, kisha toa TIFF (faili la picha lisilopunguza ubora) ya rangi. Ndiyo, ya rangi, hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu umanjano na vidoa navyo ni habari. Piga nyuma pia.

Zile thelathini zisizo na fremu ziweke kwenye skana ya kawaida. Kwa sm 12 kwa 16.5, nukta 600 kwa inchi zinakupa takriban pikseli 2,800 kwa 3,900, zinatosha kuchapa kubwa maradufu. Kwa vipimo vya kina kama vya hicho kiberiti, panda hadi 1200.

Ukiona mng'aro wa bluu kama wa bati kwenye kingo zenye weusi mwingi, usifute. Si uchafu, ni fedha iliyopanda juu.

Nina maombi mawili. Kuna tochi ndogo za kukagulia noti bandia, Kariakoo zipo tele. Imulike karatasi ya picha gizani, kwenye ukingo uliokuwa umefichwa na fremu, uniambie kama inawaka. La pili: usipange zile thelathini upya. Nipe namba zilizo nyuma yake kwa mpangilio ule ule zilivyolala kwenye boksi.

---

ChumbaCheusi – saa 4:02 usiku

Naongezea moja tu: hiyo kanga ina jina? Soma herufi zake, tujue kama picha imechapwa kinyume.

---

Mkunguni_Tz – Jumatano, saa 12:30 jioni

Asanteni sana.

Mpaka wa mchirizi mweupe ni mkali, unapita mgongoni mwa mtu mmoja na begani mwa mwingine bila kujali mchongo. Kitako kina ufa mmoja wima.

Tochi: ukingo unawaka bluu nyeupe, kama shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Karatasi nyuma si ya plastiki, ni karatasi kabisa.

Kanga: inaonekana "AMA" na herufi moja kabla yake iliyokatwa na kiberiti. Inasomeka vizuri, kwa hiyo picha haijageuzwa.

Vipimo kwenye picha: kinyago mm 92, kiberiti mm 6 kwa urefu wake, kimelala upana ukitazama kamera.

Namba za boksi, kutoka juu: 1927/1, 1927/2, 1928/5, 1928/7, 1929/1, 1929/2, 1929/3, halafu hii ya fremu ilikuwa imewekwa hapo, 1931/2, na kuendelea hadi 1936/3. Baadhi ni vinyago, baadhi ni mitaa ya Dar. 1928/7 ni Mnara wa Mwenge wa Uhuru, Mnazi Mmoja.

---

Karani_wa_Nyaraka – saa 1:10 usiku

Umeshajijibu mwenyewe. Mnara wa Uhuru hauwezi kuwa ndani ya picha ya mwaka 1928. Hiyo ni namba ya kazi au ya filamu, na baada ya mkwaju ni namba ya picha ndani ya kazi hiyo. Yako ni ya nne katika kazi ya 1930. Ndiyo maana nilisema usipange upya: picha moja peke yake ingebaki "ya mwaka 1930" milele, na mtu wa pili angeinakili hivyo, wa tatu akaitia kwenye kitabu.

Na tochi inakubaliana. Karatasi za picha zilianza kutiwa ving'arisha, dawa za kuongeza weupe zinazowaka chini ya tochi hiyo, miaka ya 1950. Ikiwaka, karatasi si ya kabla ya hapo. Kumbuka isipowaka haithibitishi uzee, kwani karatasi nyingi za baadaye nazo haziwaki. Na karatasi ikiwa mpya, negativu (filamu iliyochapiwa picha) bado inaweza kuwa ya zamani, kwa hiyo umri wa karatasi ni wa karatasi tu. Hapa lakini kinyago, jirani zake ndani ya boksi, na karatasi vyote vinaelekea upande mmoja. Karatasi zenye plastiki zilienea miaka ya 1970, hii si mojawapo, ila karatasi ya kawaida iliendelea kutumika, hivyo hilo halizuii picha kuwa ya miaka ya baadaye.

Kwenye orodha yako andika: "kinyago cha ujamaa, Dar es Salaam (?), baada ya 1961 kwa kulinganisha na 1928/7". Alama ya kuuliza ibaki.

---

ChumbaCheusi – saa 1:34 usiku

Ndugu, "AMA" haithibitishi kitu. A na M ni herufi zinazofanana pande zote. Ukizitazama kwenye kioo zinasomeka vile vile, na "AMA" yote nayo husomeka AMA kwa mbele na kwa nyuma. Vivyo hivyo I, O, T, U, V, W, H. Hizi si za kuaminiwa. Tafuta K, S, R, E, N, B, L, P. Hiyo herufi iliyokatwa na kiberiti, ikuze kwenye skani uangalie mgongo wake uko upande gani.

Kwa kipimo: 92 gawanya kwa 6, zidisha kwa urefu halisi wa kiberiti. Viberiti vidogo vya mbao ni karibu sm 5. Unapata sm 77. Lakini kwa rula ya mkono unakosea nusu milimita kirahisi. Kiberiti kikiwa mm 6.5, kinyago ni sm 71, kikiwa 5.5, ni sm 84. Tofauti ya sm 13 kwa nusu milimita huku na nusu milimita huku! Kwa hiyo pima kwenye skani ya 1200, ambapo mm 6 ni pikseli kama 283, na kosa la pikseli tatu nne halina uzito. Shida ya pili haitibiwi na skana: kiberiti kiko mbele ya kinyago, yaani karibu zaidi na kamera, hivyo kimeonekana kikubwa kuliko haki yake. Jibu lolote utakalopata ni la chini. Kinyago halisi ni kirefu zaidi. Andika "si chini ya sm 70", utalala salama.

---

Mkunguni_Tz – saa 2:20 usiku

Nimekuza. Ni K, na mgongo wake uko kulia.

---

ChumbaCheusi – saa 2:26 usiku

Basi imechapwa kinyume. Filamu iliwekwa kwenye mashine ya kukuzia ikiwa imegeuka, upande wa kung'aa ukatazama chini. Kosa la kila siku. Mchirizi mweupe kumbe uko ubavu wa kulia wa kinyago, na mtu yeyote aliyeshika jembe kwa kushoto ameshika kwa kulia. Ukienda kuitafuta kwenye orodha za makumbusho bila kuligeuza hili, utaipita ukiwa umeishika. Tengeneza nakala iliyogeuzwa, ila TIFF ya asili iache ilivyo, na jina la faili liseme: 1930-4_asili, 1930-4_geuzwa.

---

Patasi_Mbili – saa 2:58 usiku

Peleka hiyo iliyogeuzwa Mwenge Vinyago, ichapwe A4, uwaonyeshe wachongaji wazee. Usiseme lolote kuhusu mwaka kabla hawajasema wao. Uliza mambo ya patasi: macho yamefungwa vipi, vidole vimechongwa au vimekatwa tu kwa mistari, nafasi kati ya mtu na mtu imetobolewa hadi upande wa pili au imeishia katikati. Mnara uliotobolewa, unaopitisha mwanga, ni kazi tofauti kabisa na uliochongwa juujuu kuzunguka gogo, na wao watakutajia ni mkono wa ukoo gani. Picha halisi ibaki nyumbani.

Na zungusha jicho kwenye 1930/1 hadi /3 kama zimo. Mpiga picha aliyeweka kiberiti kwa ajili ya kipimo huenda alipiga pande zote nne.

---

Mkunguni_Tz – saa 3:15 usiku

/1 na /3 hazimo. /2 ipo, ilikuwa imechomekwa nyuma ya 1934, ni kinyago hicho hicho kwa mgongoni. Haijagandana na kitu. Niziweke wapi sasa?

---

Karani_wa_Nyaraka – saa 3:41 usiku

Andika kwanza kuwa uliikuta nyuma ya 1934, halafu uiache hapo hapo.

Kila picha kwenye bahasha yake ya karatasi nyeupe. Bahasha za kaki zina asidi, huacha umanjano. Mifuko ya plastiki kwa hewa ya Upanga hapana, unyevu unanaswa ndani na picha inashika plastiki kama ilivyoshika kioo. Andika namba kwenye bahasha kwa penseli laini kabla ya kuingiza picha, la sivyo mgandamizo unatokea usoni. Raba bendi na pini za chuma zitoke. Vidonge vya nondo visiwemo, lakini boksi lifunike vizuri, mende na wale wadudu wa fedha wanapenda jelatini kuliko karatasi.

Boksi likae kwenye rafu ya ndani, mbali na ukuta unaopigwa na mvua, angalau sm 15 kutoka sakafuni. Usiliweke kwenye chumba ambacho kiyoyozi huwashwa mchana na kuzimwa usiku. Kupanda na kushuka kwa unyevu ni kubaya kuliko joto lenyewe. Pakiti za silika jeli zinasaidia kama utazikausha, nyingi huachwa humo hadi zimejaa maji hazifanyi kazi tena. Nunua kipima unyevu kidogo, kikizidi asilimia 65 kwa wiki nzima, fungua boksi siku kavu, feni iwe mbali na isielekezwe kwenye picha.

Ile ya fremu iweke peke yake, uso juu, mbali na hizo nyingine, maana ukungu unahama. Kona ile ikaguliwe na mtu wa uhifadhi pale Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Ibebe ikiwa imelala, kioo chini yake, na usiipeleke siku ya mvua.

---

Mzee_wa_Magomeni – saa 4:00 usiku

Marahaba Karani. La ukungu sikuliangalia. Beseni nimelirudisha.